Picha Mbili za Titi Moja

Aurélie ndiye aliyemlea Gervais. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Aurélie, binti mdogo tu, alimbeba mgongoni akilima kijijini kwao Litapunga, akaacha shule ili mdogo wake asome. Kwa hiyo Gervais aliporudi kutoka chuo kikuu na mashine yake ya kupiga picha za ndani ya mwili, hakuhitaji kumbembeleza dada yake akubali kupimwa nayo. Tena Aurélie alikuwa na sababu yake. Kwenye titi la kushoto alikuwa amegusa kivimbe, kigumu kama harage.

"Nafikiria kwenda hospitali," alimwambia.

"Anzia kwangu, mushiki wanje," Gervais alijibu, akimwita 'dada yangu' kwa Kirundi cha kwao.

Katika chumba alichopanga Mpanda mjini, alimfunga kifuani mkanda wenye vifundo vya chuma. Vingine vilipeleka sauti isiyosikika, vingine umeme mdogo usiouma.

"Ukigonga pipa unajua kama lina mahindi au ni tupu, si ndiyo? Hii nayo inagonga, halafu kompyuta inasikiliza mwangwi na kukisia kilichomo ndani."

Picha zilipotokea, alizitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ni maji tu, dada. Rudi ukalime."

Akarudi. Gervais alimwita tena baada ya mavuno, na tena mvua zilipoanza. Kivimbe kilikuwa sasa kama ndimu, lakini jibu lilikuwa lilelile, naye hakuwaza kumtilia shaka mtoto aliyemlisha uji kwa mkono wake.

Siku wageni wa chuo walipokuja Mpanda kuiona kazi hiyo, Gervais alimwalika dada yake, aone matunda ya kumsomesha. Aurélie aliketi nyuma ya ukumbi, kitenge chake kipya kimenyooshwa vizuri, karibu na Emelyne, msichana aliyefanya kazi na mdogo wake. Picha mbili zilikuwa zinawaka ukutani.

"Ugumu wetu ni kurudi kinyumenyume," Gervais aliwaambia wageni, "kutoka kwenye mwangwi hadi kwenye kitu chenyewe. Vitu viwili tofauti vinaweza kurudisha mwangwi mmoja. Vipimo vya mwanamke huyu vilitupa picha mbili: mfuko wa maji, au uvimbe wa nyama ngumu. Tumemfuatilia tangu msimu uliopita, na jinsi unavyokua inaonyesha ni nyama."

"Na mgonjwa mwenyewe?" mgeni mmoja aliuliza.

"Tulimshauri aende hospitali tangu siku ya kwanza."

Mengi Aurélie hakuyaelewa. Hilo la mwisho alilielewa. Akainuka kitini.

"Mama, vipi?" Emelyne alinong'ona.

"Yule ni mimi," alisema. "Na hakuna aliyeniambia."

Aurélie akatoka, na Gervais akamfuata nje.

"Ungeenda hospitali wangekukata, dada, na tusingejua kama mashine inaweza yenyewe kutambua picha ya kweli. Nilitaka kwanza nipate uhakika."

"Nilikuuliza, ukaniambia ni maji."

"Kazi hii itaponya watu wengi."

"Huenda," Aurélie alisema. "Mimi ulikuwa unanisubiri nioze."

Emelyne aliwaeleza wageni ukweli, kisha akampeleka Aurélie hospitali. Ilikuwa saratani. Walimpeleka Mwanza, wakakata titi, wakamtia dawa zilizomnyonyoa nywele. Aliishi. Daktari hakumficha kwamba kama angewahi, upasuaji ungekuwa mdogo.

Chuo kilisimamisha kazi ya Gervais. Msimu uliofuata alikuja Litapunga, amekonda, akaketi kwenye kigoda uani. Aurélie alimpa ugali na maharage. Gervais alikula, kisha akaanza kuomba radhi, akashindwa kumaliza.

"Umeshiba?" Aurélie alimuuliza.

"Nimeshiba, mushiki wanje."

"Basi nenda, mvua isikukute njiani."

Aurélie hakumsindikiza, ingawa miaka yote alikuwa akimsindikiza. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akalia mpaka mvua ikaanza kupiga bati.