Mvinyo wa Shamba la Juu

Marehemu baba alipogawa mlima, kaka yangu alipata shamba la chini, lenye udongo laini na barabara ya gari. Mimi nilipewa la juu, mawe matupu, ambako ukungu hufika kabla ya chai. "Huyu ataolewa," walisema, "ardhi nzuri ya nini?" Sikuolewa. Nilipanda mizabibu.

Kaka ndiye meneja wa kiwanda cha ushirika, na ufunguo wa lango la kupokelea zabibu anao yeye. Kila mwaka lango hufungwa Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya chini kwisha, na huku juu kwenye baridi zabibu zangu huwa bado zinataka wiki tatu ziive. Kwa hiyo miaka kumi na miwili nilichuma mbichi. Nilishusha kreti zangu kwenye mizani, kaka akatafuna punje moja mbele ya watu, akakunja uso, wote wakacheka. Daraja la pili! Zikamwagwa kwenye tangi moja na za wengine, nami nikabaki na jina: Mama Siki.

Mwaka jana nilichoka. Jumamosi ilipofika, sikushuka.

Kaka alipanda mwenyewe, anahema, viatu vimejaa vumbi.

"Dada, una kichwa kigumu kuliko haya mawe yako. Lango nimefunga. Uanachama wako utafutwa."

"Ufuteni. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zako watakula ndege. Au mvua ya mawe izipukutishe zote, halafu uje kunililia."

"Nikilia, nitalia kwangu."

Nilisema kwa kiburi, lakini niliogopa. Sikuwa na zao lingine. Kila asubuhi nilipasua punje na kutazama mbegu: bado kijani. Kila wingu jeusi lilinitoa jasho. Wiki ya tatu mbegu zikawa kahawia, na siku hiyohiyo wifi yangu, mke wa kaka, akatokea na mkasi wake mwenyewe.

"Mumeo anajua uko huku?"

"Anajua nimekuja kumsalimia wifi. Hakuuliza salamu zenyewe ni za siku ngapi."

Zilikuwa za siku mbili. Tulichuma, tukakamua kwa mashine ya mkono, tukajaza matangi mawili ya maziwa niliyonunua kwa mfugaji. Katika chumba changu cha nyuma, chenye baridi hata mchana, mvinyo ulichacha taratibu wiki tano. Nilipouonja, ukali ulikuwepo, ndiyo, lakini ukali wenye adabu, na nyuma yake utamu wa tunda lililoiva. Mvinyo mweupe, msafi, wangu. Nililia, tena kwangu, kama nilivyoahidi.

Miezi minne baadaye kaka alikuja na chupa ya kiwanda. Akamimina. Nilionja. Ulikuwa umepooza kama maji ya sukari yaliyosahauliwa juani.

"Wanunuzi wameurudisha," alisema. "Tupe tangi moja la wako, tuchanganye."

"Hilo la siki?"

Alitazama sakafu. "Bila ukali wa zabibu zako mvinyo wetu hausimami. Unadhani kwa nini tulikuwa tunafunga lango mapema?"

Nilimwona akitamani kuyameza maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alijua. Miaka kumi na miwili alikuwa akizitaka mbichi vilevile, huku akikunja uso mbele ya watu ili niamini shamba langu halifai. Daraja la pili, na ndizo zilizokibeba kiwanda kizima! Hasira ilinipanda. Wageni wangenifanyia hivyo ningesamehe. Huyu tulinyonya ziwa moja.

"Meno ya mbwa hayaumani, dada," alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi yameniuma."

Niliosha glasi yangu, nikaifuta, nikaiweka kabatini. Kisha nikaenda kufunga mlango wa chumba cha nyuma kwa kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni akiona.

"Leo siku gani, kaka?"

"Jumapili. Kwani vipi?"

"Umechelewa. Lango hufungwa Jumamosi."