Chama cha Jumamosi

Maharagwe ya asubuhi ile yalikuwa na mawe mengi, na Jemutai alikuwa bado kwenye gunia la kwanza aliposikia viatu vya Kiprugut vikisimama nyuma yake. Wanawake wote waliokaa kwenye turubai wakichambua waliinamisha vichwa. Kiprugut ndiye msimamizi wa vibarua katika ghala hili la nafaka hapa Rongai. Kila asubuhi husimama langoni na kunyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa hurudi nyumbani na njaa yake.

"Jemutai, nasikia mko na chama."

Aliyesema ni Fancy, kibarua mwenzake, bila shaka. Ulimi wa Fancy hauna mfupa.

"Ndiyo, boss."

"Mnachukua wanaume?"

Ndipo akaelewa. Huku kwetu watu wachache wakikutana kila wiki, basi ni chama cha kuchangiana pesa na kupokezana kwa zamu, na hakuna anayewaza jambo lingine. Kiprugut naye alitaka zamu yake. Jemutai angemwambia ukweli palepale, lakini alicheka na kusema, "Karibu tu." Msimamizi mwenye haja nawe hawezi kukuruka langoni.

Ukweli ni kwamba hawakuchanga hata senti. Kila Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Rahab, walisoma kitabu. Mzee Ephantus, mwalimu mstaafu, alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu Nakuru, kikiwa hakina jalada. Kiliandikwa kwa Kiingereza kizito na mzungu aliyekufa zamani, kuhusu viwanda vya nguo vya kwao na watu waliovifanyia kazi. Anayesoma hutafsiri papo hapo, wengine hubishana. Wiki iliyotangulia Rahab aliuliza, bila utani wowote, kama huyo mzungu aliwahi kuishi Rongai.

Kiprugut alifika mchana huohuo akiwa na shati la kanisani, noti amezikunja mkononi. Akakaa karibu na mlango. Ilikuwa siku ya Jemutai kusoma.

Ephantus alimtazama mgeni, kisha akamtazama Jemutai. "Msichana wangu, tunaweza ruka hii. Hii ya leo ni nzito."

Ukurasa ule ulihusu wasimamizi. Angefungua mwingine, wakanywa chai, na Jumatatu akaingia kazini. Lakini tangu aache shule hakuwa na kitu chake mwenyewe isipokuwa saa ile moja, na ilimuudhi sana kuambiwa aifiche. Akasoma.

"Mtu asiye na kitu anauza siku yake. Tajiri hawezi kusimama juu ya kila mtu, kwa hivyo anachukua mmoja wao, anamwongeza kidogo, na huyo mmoja anasahau kwamba yeye pia anauza siku."

"Woi!" Fancy alisema, akajiziba mdomo.

Kiprugut alikunja uso. "Hiyo imeandikwa hapo ama umeniwekea?"

"Kuja uone," Jemutai alisema, akimgeuzia kitabu.

Hakukitazama. "Mimi pia wenye ghala wananipigia simu asubuhi, kama kuna kazi," alisema polepole. "Wasipopiga, nakaa." Kwa muda mfupi Jemutai alidhani atabaki nao, na alimwonea huruma. Kisha Kiprugut akarudisha noti mfukoni, akasimama. "Lakini hii chama yenu ni ya kuharibia watu kazi."

Jumatatu kulikuwa na baridi langoni. Kidole kilimchukua Fancy, kikamruka Jemutai, kikamchukua mama aliyekuwa nyuma yake.

"Boss, na mimi?" Jemutai aliuliza kwa sauti, jambo ambalo halifanywi pale. "Sema mbele ya watu nimekosa nini."

Kiprugut alikuwa akivuta lango. "Wewe si unajua kusoma? Enda usome."

Walioingia walicheka. Fancy pia alicheka. Jemutai hakumlaumu: Fancy ana watoto, na alikuwa ameshaingia.