Kitufe cha Bosi Crisanto

Jovelyn Sumagaysay alikuwa bado msichana wa shule pale baba yake, Abelardo, alipotolewa mzobemzobe kwenye uwanja wa majogoo mjini kwao, kisiwani Negros. Kazi ya Abelardo ilikuwa kuwapanga majogoo kwa uzito, wapigane wanaolingana. Mwenye uwanja, Bosi Crisanto, alimtaka awatafutie majogoo wake wapinzani dhaifu. Alipokataa, Crisanto akamtangaza mwizi mbele ya umati. Abelardo hakuinua uso tena mpaka anazikwa.

Jovelyn akakua, akawa mtunzi wa programu za kompyuta. Aliposikia Crisanto anatafuta programu ya kupanga majogoo, akajipeleka kwa jina la mumewe. Bosi alitaka faili moja tu, inayojitegemea, ifanye kazi bila mtandao kwenye kompyuta kuukuu ya pale uwanjani. Kisha akashusha sauti, akimwita Inday, kama wasichana wanavyoitwa kisiwani humo.

"Inday, niwekee na kitufe changu. Nikikibonyeza, majogoo wangu wapate vibonde."

"Watu hawatajua, Bosi?"

"Watajuaje? Si umesema ikishakamilika hakuna wa kusoma ndani?"

"Hakuna," Jovelyn akasema. "Hata wewe."

Bosi akacheka.

Aliiandika jikoni kwake. Kila alipoiamuru kompyuta igeuze maandishi kuwa programu kamili, ilimrudishia makosa. Akarekebisha, akaamuru tena. Ilipofunguka bila kulalamika, akabonyeza kitufe cha Bosi, akatazama kilichotokea, moyo ukamtulia. Akaitia kwenye flashi.

Siku ya sikukuu ya mji uwanja ulifurika. Orodha ya mapambano ikatokea kwenye skrini kubwa. Crisanto akabonyeza kitufe chake. Hapohapo maandishi mekundu yakajaa skrini: MWENYE UWANJA ANAWACHAGULIA MAJOGOO WAKE WAPINZANI DHAIFU. Akabonyeza tena, yakazidi kukua. Wenye majogoo wakaanza kufungasha. Mmoja akamtemea mate miguuni.

Crisanto alimkuta Jovelyn mlangoni.

"Nimekukosea nini mimi?"

"Mimi ni binti wa Abelardo, mpangaji wako."

Crisanto akakunja uso. "Abelardo yupi?"

Jovelyn alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi; hilo hakulitarajia. Akamsimulia yote, polepole, mbele ya watu waliokuwa wakitoka na majogoo kwapani, na hakumwachia njia mpaka alipoona jina limemwingia.