Nyuzi Mbili za Zambarau

Nikiwa ndefu hunielewi. Nikiwa fupi unanielewa kupita kiasi. Mimi ni nini? Msijikune vichwa, wajukuu zangu. Ni ripoti ya maabara.

Mwaka ule mahakama iliniita niketi na raia wenzangu sita tuamue kesi ya Bae Mal-sun, mjane wa miaka sabini na mitatu, mkulima wa vitunguu saumu. Wifi yake alikutwa ghalani amenyongwa, uzi wa zambarau umenasa kwenye kucha zake. Wawili hao waligombania mpaka wa shamba. Mal-sun naye alikuwa na suruali ya maua ya zambarau, ile ya lastiki kiunoni, tunayonunua vikongwe wote siku ya soko. Mimi mwenyewe ninazo mbili.

Mtaalamu wa maabara, Daktari Tak, alituonyesha picha moja tu ukutani: nyuzi mbili ubavu kwa ubavu, wa kwenye kucha na wa suruali ya Mal-sun.

"Zinalingana katika vipimo vyote saba," akasema, akakaa.

Mwendesha mashtaka akatabasamu. "Tumeifupisha ripoti makusudi, kila mtu aelewe."

Sisi maswali yetu huyaandika, jaji ndiye huyauliza. Nikaandika: Mashine yenu inaweza kutofautisha suruali yake na yangu? Jaji akasoma kimoyomoyo, akaikunja karatasi.

"Ripoti imeshajieleza."

Tulipojifungia kuamua, wote wakanyoosha mikono kwamba ana hatia, isipokuwa mimi. Mwenzetu wa kiti namba nne, kijana muuza bima, akanigeukia.

"Bibi, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Basi mashine imekupita darasa. Nyoosha mkono, bibi yangu, supu inapoa."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, kwa aibu. Nikanyoosha.

Jaji akakubaliana nasi, akampa miaka kumi na mitano. Mal-sun hakulia. Alimwomba askari amruhusu arudi kwanza nyumbani akaanike vitunguu vyake, kwani vitaoza.

"Viache vioze, mama," askari akamwambia. "Hutakuwepo kuvila."

Nje, penye mashine ya kahawa, nikamkuta Daktari Tak peke yake. Nikamuuliza swali langu lilelile. Akapuliza kikombe chake, akanywa, akatazama viatu vyangu.

"Haiwezi, bibi," akasema. "Niliyaandika hayo ukurasa wa kumi na tisa. Wakaniambia niutoe, utawachanganya."