Mianzi Aliyoiacha Filemoni

Filemoni alizikwa mwaka hamsini na sita, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, kabla hajafunga nyasi kwenye mianzi yake.

Kila masika alifanya hivyo. Machipukizi yakishatoka ardhini, alikizunguka kichaka cha mianzi kule bondeni, akachagua yaliyo manene na kuyavisha kitanzi cha nyasi. Hayo hayakuguswa na mtu. Mengine yalikatwa ncha, yakagemwa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi. Chipukizi likishagemwa halikui tena, na kichaka kinachogemwa chote hufa polepole. Baba yake alimfundisha hivyo, naye baba alifundishwa na babu.

Sasa mjane wake, Damari, alikuwa amechutama pale pale, nyasi mkononi. Shemeji yake Didas akaja na kisu cha kugemea.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Hayo manene ndiyo yenye ulanzi! Watu watoke mpaka Tosamaganga kuja kumaliza msiba wa kaka, tuwanyweshe umande?"

"Membamba yapo. Gema."

"Membamba yanatoa chozi moja, yanakauka. Watasema mjane ana mkono wa birika."

Neno hilo lilimchoma. Ni kweli wangesema, na wangelisemea juu ya kaburi la mtu aliyewanywesha wote. Akafungua kitanzi kimoja. Kisha akakumbuka jinsi Filemoni alivyokuwa akiligusa chipukizi kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaligusa vivyo hivyo. Lilikuwa baridi, limejaa maji. Akakifunga tena kitanzi.

Didas akakishusha kisu. "Haya," akasema, "lakini aibu tutagawana." Akaenda kugema membamba.

Siku ya kumaliza msiba, ulanzi uliisha jua likiwa bado upande wa asubuhi. Juliana, dada wa marehemu, akapindua kata yake mbele ya watu wote. Halikudondoka hata tone.

"Wifi, hiki ndicho kinywaji cha kumuagia kaka yangu?"

Watu wakainamisha nyuso. Juliana akainuka, akashuka bondeni peke yake, na wote wakajua kwamba amekwenda kutafuta ushahidi wa ubahili.

Alirudi nguo imelowa mpaka magotini. Hakurudi kwenye kigoda chake. Aliketi mkekani kwa Damari, bega kwa bega.

"Umesahau chipukizi moja," akamwambia kwa sauti ya chini. "La upande wa mtoni, limejificha. Nimelifunga."

Didas, aliyeketi nyuma yao, akasikia, akapiga makofi. "Mnaona? Kaka yuko kaburini na bado anatubania mianzi yake!"

Wazee wakacheka, hata mzee wa kanisa aliyejulikana kwa ukali. Damari naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, uso ameuficha begani mwa wifi yake. Kicheko kikageuka kilio. Hakuna aliyemwambia anyamaze.