Gunzi Kwenye Kanda ya Mpui Jazz

Kanda ya kaseti ina vipembe viwili vidogo vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, hakuna tena anayeweza kurekodi juu ya kilichomo. Mtu aking'ang'ania kurekodi, inabidi azibe tundu. Wa mjini huziba kwa karatasi ya gundi, wa shamba huziba kwa chochote. Nimekuwa fundi redio hapa Sumbawanga tangu mwaka themanini na sita, na nimeona matundu yaliyozibwa kwa nta, kwa bigijii, na mara moja kwa sabuni ya kufulia. Kwa hiyo sina pa kujificha. Kanda ya Bundala niliishika kwa mkono wangu, nikaona tundu limezibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi kilichochongwa vizuri kwa kisu, nikajua maana yake. Nikanyamaza.

Hiyo ilikuwa mwaka 2003. Soko huria lilikuwa limeshatuletea mitumba na soda za kila rangi, na sasa likatuletea redio. Redio Upepo ilikuwa ya mtu binafsi: vyumba viwili na varanda juu ya duka la mbolea, mtambo mmoja uliotumika kwingine kabla yetu, na mimi, Adolfu, fundi wake. Siku ya anga safi tulisikika mpaka Mpui. Siku ya ukungu hatukusikika hata sokoni, ingawa bosi aliwaambia wenye matangazo kwamba tunafika Zambia.

Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wametoka misa na wameshakula, tulikuwa na kipindi cha Jazz ya Nyumbani. Huku kwetu jazz ni bendi ya dansi, yenye magitaa na tarumbeta. Wazee waliziita hivyo bendi zao zote na hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini. Mtangazaji alikuwa Timoth, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye hakuwahi kuona bendi kwa macho yake. Aliongea kwa pua akidhani ndivyo wanavyoongea Dar es Salaam.

Maktaba ya muziki hatukuwa nayo. Wasikilizaji walileta kanda zao wenyewe, kila kanda imefungwa kwa mpira wa baiskeli pamoja na kadi ya salamu. Timoth alisoma majina yaliyoandikwa kwenye kadi. Mimi nilisikiliza kila kanda kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla haijaenda hewani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri isipokuwa siku moja.

Mama mmoja, Marsiana, alikuwa anatoka Mpui kila baada ya wiki mbili, juu ya lori la mahindi, kuleta kadi tu. Kanda hakuwa nayo. Kadi yake haikubadilika hata neno: naomba Mpui Jazz, ule wimbo wenye tarumbeta. Mpui Jazz walikuwa vijana wa parokia waliofundishwa kupuliza na bruda mmoja mzungu kwa ajili ya maandamano ya Ekaristi, wakaishia kupuliza kwenye dansi na kukemewa kanisani. Walirekodiwa mara moja tu, mwaka 1982, na mwalimu mwenye redio kaseti, ukumbini kwao. Mpiga tarumbeta alikuwa Rafaeli, mume wa Marsiana. Mwaka uliofuata akafa kwa kifua, akimwacha mkewe na mimba ya miezi sita. Kanda ilibaki kwa mpiga solo, naye baadaye akauza kila alichonacho akahamia Zambia.

"Mama, hiyo kanda haipo," nilimwambia mara ya tano au ya sita.

"Haipo kwako," alinijibu, akaniachia kadi.

Mwezi wa saba alikuja na ile mimba, sasa binti wa miaka ishirini. Aliitwa Kristiana, mrefu, mpole, aliyenisalimia shikamoo huku ameangalia sakafu. Timoth akamtania kwamba wasichana wa Mpui wanazidi urefu wa mnara wetu, na binti akacheka. Kicheko chake kilianza na mkoromo mdogo puani, kikapanda ngazi tatu, kisha kikakatika ghafla. Sijawahi kusikia kingine cha namna ile. Akaziba mdomo haraka kwa kiganja.

"Toa mkono mdomoni," Marsiana alimwambia. "Sijui kakitoa wapi kicheko hiki, na sasa anakionea aibu."

Nilimwangalia Marsiana nione kama ananitania, maana kicheko kisicho cha mama huwa cha baba. Hakuwa anatania. Ilikuwa miaka ishirini, na mtu husahau hata vitu alivyoapa kutovisahau.

Akanieleza shida yake. Kristiana alikuwa anaolewa na dereva wa malori, kwao Mbala, ng'ambo, Zambia. Jumanne ya mwisho wa mwezi angevuka mpaka pale Kasesya. "Na kwetu, fundi, binti hatoki mlangoni bila neno la baba yake. Baba mdogo amejitolea kulisema yeye. Nimemkatalia. Mwanangu ana baba. Hajawahi kumsikia tu."

Nilimwelewa, na sikupenda kumwelewa, kwa sababu wiki hiyohiyo bosi alikuwa ametutangazia kwamba Jazz ya Nyumbani inaisha mwezi ule. Wakala wa soda alitaka saa nane yetu kwa bongo fleva. Kipindi cha mwisho kilikuwa Jumapili, siku mbili kabla ya Kristiana kuondoka. Timoth, ambaye chini ya ile pua alikuwa na moyo, akatangaza Jumapili tatu mfululizo: mwenye kanda ya Mpui Jazz ailete, popote alipo.

Siku ya mwisho Marsiana na binti yake walifika mapema, wamevaa nguo za misa, wakakaa kwenye benchi la studio bila kunywa chai niliyowapa. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kanda nyingine na maneno ya pole. Saa saba na nusu ngazi zikalia, akaingia mwanamume mwenye koti refu la baridi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Naitwa Bundala," alisema. "Nachunga kule nyuma ya Mpui. Nimesikia mkiitangaza hiyo kanda redioni Jumapili tatu, nikaona ni vibaya kukaa kimya."

Alikuwa Msukuma, wa wale waliotoka Shinyanga na ng'ombe wao miaka ya tisini kutafuta malisho. Mwaka wa kwanza alinunua redio kaseti gulioni kwa mtu anayehama, na kanda ilikuwa ndani yake. Alikuwa amepanda baiskeli tangu alfajiri.

Nikaiweka. Yakaja magitaa mawili, tumba, kelele za ukumbi, na mtu akapiga ukelele, "Mpui Jazz!" Marsiana alisimama kabisa. Nikaizima, nikairudisha mwanzo, nikaitoa kuipangusa, na hapo ndipo nikaliona gunzi.

"Umewahi kurekodi humu?" nilimuuliza Bundala.

"Upande wa pili, fundi. Huu sijaugusa."

Lebo za kanda zilishabanduka zamani, kwa hiyo yeye alikuwa anakisia. Mimi sikuwa nakisia. Tundu lililozibwa lilikuwa la upande huu. Dakika kumi zingenitosha kupeleka kanda mbele na kujua yote, na dakika kumi nilikuwa nazo. Ila Marsiana alikuwa amesimama vile, na Kristiana amemshika mkono, na mimi ndiye niliyemwambia mara sita kwamba kanda haipo. Nilitaka nionekane nimeipata. Nikajiambia, labda alirekodi kidogo tu mwishoni. Fundi anayejiambia labda, afadhali akalime.

Saa nane kamili Timoth akafungua kipindi, akasoma kadi ya Marsiana, safari hii bila pua. Nikabonyeza. Magitaa yakaingia, mwimbaji akaimba beti mbili, tumba likapanda. Nilikiri moyoni kwamba walikuwa bendi nzuri. Marsiana akainua kidole.

"Sasa hivi," akamwambia binti yake. "Sasa hivi anaingia baba yako."

Kanda ikalia tap. Muziki ukakatika, ikaja sauti ya mwanamume akiongea Kisukuma, taratibu, karibu kabisa na maiki.

Bundala akashika kichwa. Timoth alinitazama mdomo wazi. Simu ya chumba cha pili ikaanza kuita, nami nilijua ni bosi. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilistahili yote.

"Usikate," Marsiana alisema.

"Mama, hii si..."

"Nasikia si yeye. Lakini huyu mtu anaongea na mama yake. Hilo neno mayu nalijua, nawasikia watoto wao wakiita. Humkatizi mtu anayeongea na mama yake." Akakaa, akaweka mikono magotini kama aliyefika msibani kwa watu. Kisha akamgeukia Bundala. "Unasema nini hapo, baba? Tutafsirie."

Maiki ilikuwa wazi, taa nyekundu inawaka. Ningeweza kuifunga. Bundala hakuijua ile taa, akatafsiri kwa sauti ya chini, na Sumbawanga nzima, na Mpui kama ukungu haukuwepo, wakamsikia.

"Namwambia mama, ni mimi, tumefika. Namwambia huku Ufipa kuna baridi, asubuhi ng'ombe wanatoa moshi mdomoni. Njiani amekufa ndama mmoja tu, yule wa Ndalahwa, ndugu yangu. Hapo namwambia ng'ombe walikanyaga matuta ya watu. Huku wanalima matuta ya mviringo, wanafukia majani ndani, mimi sikujua kama ni shamba. Nikaenda kuomba radhi, wakanipa ugali wa ulezi. Hapo namwambia mke wangu amejifungua msichana. Tumempa jina lake yeye mama. Kabula."

Sauti ya kwenye kanda iliendelea bila yeye.

"Na hapo?" Marsiana aliuliza.

"Hapo namwambia, kuna watu wamekwambia nimekufa njiani. Waambie ninaongea." Akafuta uso kwa koti. "Mtu wa kuipeleka barua hii Shinyanga alikuwa aondoke Ijumaa. Alhamisi ikaja habari kwamba mama hayupo. Sikuisikiliza tena, miaka saba. Ndiyo maana hata upande nimesahau."

"Pole sana, baba," Marsiana alisema.

"Pole na wewe, mama. Nimemfuta mzee wako."

"Hukujua."

Simu iliacha kuita, ikaanza upya. Niliiacha iite. Sauti ya Bundala kijana ikasema sentensi moja ndefu, na Bundala wa kwenye benchi akaitafsiri: "Nakuja, mama. Mvua zikikata, nakuja."

Tap. Na tarumbeta ikaingia katikati ya pumzi.

Ilikuwa sehemu ya mwisho tu ya wimbo. Nilitazama saa ya ukutani, sekunde arobaini na mbili. Sitadanganya kwamba Rafaeli alikuwa bingwa. Alichelewa mdundo, akaufukuza, akaukamata, na noti ya mwisho ikampasukia kabisa. Ukumbi ukapiga makofi. Halafu, karibu na maiki ya yule mwalimu, mwanamume aliyekuwa bado anahema akaicheka ile noti yake. Mkoromo mdogo puani, ngazi tatu juu, ukimya wa ghafla.

Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Timoth alikuwa ametazama benchi, na Bundala naye, ambaye hakuwahi kumsikia yule binti akicheka, alimtazama kwa sababu sisi tulimtazama. Kristiana alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja kama kawaida yake. Taratibu akautoa mkono, akauweka mapajani.

"Nilikuwa nimesahau," Marsiana alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Miaka yote hii unacheka nyumbani mwangu, na mimi nimesahau kicheko ni cha nani."

Bosi alinikaripia Jumatatu asubuhi, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini hakunifukuza kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuuwasha ule mtambo. Jumapili iliyofuata saa nane tulirusha soda.

Jumatatu ileile ya maneno ya bosi walirudi wote watatu kwa ajili ya nakala. Bundala aliomba jambo moja, ling'olewe gunzi. Nikalitoa kwa pini, akalitia mfuko wa shati. Nilikuwa nimenunua kanda mpya mbili, na kwa ile ya Kristiana nilijitolea kufanya kazi safi: ningeitoa barua yote, niunganishe magitaa na tarumbeta, iwe kama haikuwahi kukatika. Nilidhani ni zawadi.

"Usiitoe, fundi," Kristiana alisema. Aliniangalia usoni, mara ya kwanza. "Huko niendako sitakuwa na mtu wa kuniambia sasa hivi anaingia. Nikimsikia huyu baba anamwambia mama yake kwamba anakuja, nitajua na wangu yuko njiani."

Nikaikopi yote kama ilivyokuwa. Kisha nikavunja vipembe vyote viwili, nikampa.