Mara Kumi na Moja

Idara nzima ilimwita profesa huyo Mama Pima Tena, na mwenyewe alijua wala hakuchukia. Kwa miaka thelathini na moja, mwanafunzi akimletea jibu, liwe zuri liwe baya, yeye hulitazama juu ya miwani, kisha husema maneno mawili yale yale: pima tena. Wapo waliolia kwa maneno hayo, na wapo waliokuja kuyabandika ukutani katika maabara zao wenyewe. Wote waliafikiana kwamba yule mama ni mkali lakini si mwonevu. Kwa hiyo alipobakiza miezi miwili astaafu, Idara ya Sayansi ya Mimea iliona haya kumwacha aondoke mikono mitupu. Ikampa Tuzo ya Ulezi wa Wanafunzi.

Tuzo za idara zilikuwa mbili kila mwaka. Kwanza ile ya utafiti bora, ambayo wasomi wazima na ndevu zao waliigombania, kisha wakanuniana mpaka mwaka wa pili. Halafu hii ya ulezi, ambayo haiombwi. Wanafunzi wa zamani huandika barua, kamati husoma, na barua iliyowagusa kuliko zote ndiyo huamua. Tena palikuwa na desturi moja: tuzo ya ulezi hakabidhi mkuu wa idara. Hukabidhi yule yule aliyeandika barua.

Siku tatu kabla ya sherehe, katibu wa kamati alimletea nakala ya barua hiyo ofisini na kumshauri aandae leso. Mama Pima Tena akaanza kuisoma amesimama. Alipoona jina lililotiwa sahihi, akakaa.

Barua ilitoka kwa Bi Saladi. Hilo ndilo jina wenzake walilompachika miaka kumi na minne iliyopita, kwa sababu mbegu za saladi ndizo zilizokuwa kazi yake, na ndizo zilizomshinda. "Wengine wangeniacha nipoteze umri wangu," aliandika. "Mwalimu aliniambia kweli bila kunizungusha, kwamba mikono yangu haikuumbiwa maabara. Niliumia, lakini nashukuru. Leo nasimamia ghala la vitabu vya shule na sina ninachojutia. Na binti yangu aliponiambia anataka mchepuo wa sayansi, nilimpa kweli ile ile niliyopewa mimi, kwamba mikono ya kwetu si ya kazi hiyo. Alilia siku mbili, akakubali. Atachukua biashara."

Mama Pima Tena aliyasoma maneno ya mwisho mara tatu, na kila mara yalizidi kumchoma. Maana kweli hiyo aliyoshukuriwa haikuwa kweli.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule maabara ilikuwa na makabati mawili ya kuoteshea mbegu, jipya na la zamani, na Bi Saladi, kwa kuwa alikuja wa mwisho, akapewa la zamani. Kipimo cha joto cha kabati hilo kilikuwa kimekufa zamani. Profesa akatoa kipimajoto chake mwenyewe, cha kioo, alichokuwa nacho tangu enzi za uanafunzi wake, akakitundika ndani kwa mkono wake. Alikipenda kipimajoto kile. Kilikwenda naye masomoni na kurudi naye, na hakuna aliyethubutu kukitilia shaka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Bi Saladi akapanga mbegu zake kwenye visahani. Kwa nyuzijoto ishirini na tano, vitabu vyote vinasema, karibu mbegu zote za saladi huota. Za kwake ziliota tisa katika mia. Akaambiwa apime tena. Zikaota kumi na moja. Pima tena. Saba. Alirudia kwa mbegu mpya, kwa maji mapya, kwa visahani vilivyochemshwa mpaka vikapauka. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani na alikuja asubuhi macho mekundu, na profesa akajiambia kwamba hapo ndipo penye tatizo: mama mchovu, mikono mizito. Baada ya mara ya kumi na moja alimwita, akamwambia ana akili nzuri lakini mikono yake haifai kazi hii, atafute nyingine mapema. Bi Saladi akasema asante. Akafunga daftari lake, akaliacha juu ya meza, akaenda zake.

Mganga hajigangi. Yule aliyemwambia kila mtu apime tena hakukipima kipimajoto chake hata siku moja.

Miaka mitano baadaye fundi wa maabara alipokuwa akilitoa lile kabati ili litupwe, alikiinua kipimajoto kwenye mwanga wa dirisha akaona kitone chekundu kimekwama juu kabisa ya bomba. Spiriti, kile kimiminika chekundu cha kupimia joto, ilikuwa imekatika. Kilichobaki chini kilisoma pungufu kwa nyuzi tano. Ilipoonekana ishirini na tano, ndani ya kabati ilikuwa thelathini, na kwa joto hilo mbegu za saladi hulala tu, hazioti, hata zikioteshwa na malaika. Mikono ya Bi Saladi ilikuwa salama. Kila namba aliyoiandika ilikuwa sahihi.

Fundi akamletea profesa kipimajoto na kumwuliza kama atamwambia yule mwanafunzi. Profesa akajibu, kesho. Kesho hiyo ilikula miaka tisa. Kwanza hakuwa na anwani. Akaipata. Kisha akaandika barua, akaichana, kwa sababu kila sentensi ilikuwa ikimtetea yeye. Mwishowe akajiambia kwamba kidonda kilichopona hakitoneshwi, na mtu akishajipatia usemi mzuri namna hiyo hulala usingizi wake bila wasiwasi.

Sasa aliteremka maabara na barua mkononi. Fundi aliisoma polepole, akafungua mtoto wa meza, akatoa kipimajoto kilichofungwa kwenye kitambaa. Kilikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: Huyu mwongo kwa nyuzi tano.

"Mama, mimi ni fundi tu," alisema. "Sikumfukuza mtu, na tuzo hainihusu. Lakini uliniambia kesho. Ukiipokea Ijumaa bila kusema, utakuwa umemfukuza na huyo mtoto."

Jioni ile alimpigia simu Bi Saladi. Alikuwa amejipanga vizuri, mpaka maneno ya kuanzia ameyaandika kwenye bahasha. Lakini mwenzake aliipokea simu kwa furaha ya mtu aliyepata ndugu aliyepotea. Akamweleza kwamba ameomba ruhusa kazini, kwamba anakuja na binti yake aione maabara aliyoisikia maisha yake yote. Mama Pima Tena akajikuta akisema karibuni, karibuni sana. Alipokata simu akaichukia sauti yake mwenyewe.

Ijumaa wakaja mapema, mama na binti, wamevaa vizuri. Binti alikuwa mrefu kuliko mama yake, mpole, mwenye mazoea ya kuinama kusoma kila kilichoandikwa: majina ya chupa, maonyo ya ukutani, chati ya uotaji wa mbegu iliyoning'inia mlangoni. Bi Saladi alikuwa akimwonyesha huku na huku kama mwenyeji. Hapa ndipo nilipokaa. Sinki hili lilikuwa likivuja. Profesa alimwacha amalize, kwa sababu alijua hatakuwa na furaha hiyo tena humu ndani. Kisha akapiga moyo konde, akaweka mezani vitu viwili: daftari la zamani na kipimajoto.

Alieleza yote. Safari hii hakujitetea, wala hakugusa maji aliyosogezewa na fundi. Bi Saladi alisikiliza bila kukunja uso. Akakiinua kipimajoto kwenye mwanga, kama fundi alivyofanya, akakitazama kile kitone kwa muda mrefu.

"Ulijua lini?"

"Ni miaka tisa sasa."

"Binti yangu alikuwa darasa la kwanza," alisema Bi Saladi. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, kipimajoto naweza kukisamehe. Kioo hakina nia. Hiyo miaka tisa ndiyo sijui niiweke wapi."

Profesa akasema samahani. Alilisema lile neno akaona lilivyo dogo, akalirudia, likazidi kuwa dogo.

Wakati huo binti alikuwa amelifungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na maandishi ya profesa ya wino mwekundu: Tatizo ni mikono. Msichana akayapita. Akaenda na kidole chini ya safu ya joto, midomo ikihesabu, akaongeza tano kila mstari, kisha akainua macho kwenye chati ya mlangoni, akarudi kwenye daftari, akatazama tena chati.

"Mama," akasema, "zinalingana zote. Hata namba hii uliyoikata kwa kalamu."

Bi Saladi akafunika mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, si kwa maneno yote ya profesa.

Mama Pima Tena akauliza kuhusu fomu ya mchepuo. Fomu ilikuwa imeshajazwa biashara, akajibiwa, ipo ofisini shuleni, na mwalimu wa taaluma anazipeleka zote leo saa sita. Profesa akasema kwa haraka kwamba ataandika barua kwa mkuu wa shule, ataandika sasa hivi.

"Hapana, Mwalimu. Barua zako huchelewa."

Katibu wa kamati akachungulia mlangoni, uso umejaa furaha, akawahimiza ukumbini kwani watu wameshakaa. Profesa alidhani Bi Saladi ataondoka hapo hapo, na asingemlaumu. Lakini mwenzake alijifuta uso, akasema ameitwa kukabidhi, basi atakabidhi. Daftari akalichukua.

Ilianza tuzo ya utafiti bora. Mhadhiri kijana aliyeipata alikuwa na mengi ya kusema, na aliyasema yote. Alishukuru darubini. Alishukuru waliompinga. Kwenye safu ya tatu binti alikuwa akiangalia saa ya ukutani, na Mama Pima Tena, pale mbele, alikuwa akiiangalia pia. Ilipofika saa tano na dakika ishirini, akaitwa Bi Saladi.

Alipanda jukwaani na daftari kwapani. Mkuu wa idara akampa ngao ya mbao yenye bamba la shaba, akamwomba aseme machache juu ya mlezi wake. Bi Saladi alikishika kipaza sauti akamtazama profesa, hakuwatazama watu.

"Jaribio langu nililirudia mara kumi na moja," alisema. "Mara kumi na moja. Nilitaka lijulikane."

Ukumbi ukalipuka makofi. Walidhani wamesikia sifa. Mkuu wa idara alimnong'oneza jirani yake kwamba huo sasa ndio ulezi. Bi Saladi akaikabidhi ngao kwa mikono miwili, na Mama Pima Tena, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliona kwamba mikono ile haikutetemeka hata kidogo. Bi Saladi akashuka.

Profesa akaiweka ngao sakafuni. Akavua miwani kwa sababu ilikuwa imelowa.

"Anasema kweli," alisema. "Na mimi sikurudia hata mara moja."

Watu wakacheka kwa upendo. Mama Pima Tena anajishusha, anatania siku ya kuagwa.

"Msicheke," akasema.

Akawaeleza: kabati, kipimajoto, kitone, wino mwekundu, miaka tisa. Alieleza kama alivyozoea kufundisha, hatua kwa hatua, na kicheko kikafa safu kwa safu. Alimwelekezea maneno mtu mmoja tu, kule safu ya tatu, ambako bila miwani aliona ukungu wa rangi tu. Alisema mbele ya wote kwamba mikono ile ilikuwa bora kuliko macho yake. Alisema anamwomba radhi yeye na mwanawe. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na akashukuru kwa hilo.

Akavaa miwani. Viti viwili vya safu ya tatu vilikuwa vitupu.

Fundi alikuwa amekuja chini ya jukwaa kumpa mkono ashuke. Profesa akamwuliza mama na binti wameondoka saa ngapi. Fundi akamwambia ukweli: walitoka tu yule mama aliposhuka, hata hakukaa.

"Hawakunisikia?"

"Hata neno, Mama. Wamekimbilia shuleni. Yule binti amekiomba kipimajoto, nikampa."

Mama Pima Tena akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini. Akapiga hesabu: ngazi, lango, barabara, geti la shule, ofisi. Kwa hesabu yake wangefika zimebaki dakika tano kabla ya saa sita. Akaanza mwanzo, akahesabu tena.